Kutoka Raia hadi Mwananchi: Nafasi ya Fasihi Simulizi katika Malezi ya Mtoto

Utangulizi

Malezi ni miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha sana wahenga. Mkusanyiko wowote wa methali za Kiswahili utadhihirisha jambo hili. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizi na nyingine za aina yake zinakubaliana kwamba mtoto hafunzwi akishakuwa mtu mzima, na kwamba mzazi anayelikwepa jukumu hili hujitayarishia majuto.

Hata hivyo, liko swali moja ambalo methali hizi hazilijibu moja kwa moja, nalo ni hili: mtoto analelewa ili awe nani? Je, analelewa awe mwana mwema wa wazazi wake tu, au analelewa pia awe raia mwema wa nchi yake? Mambo haya mawili yanakaribiana lakini si mamoja. Yamkini mtu akawa mwana mtiifu nyumbani, akamwamkia kila mkubwa apitaye njiani, kisha akakabidhiwa mali ya umma akaifuja. Yamkini pia mzazi akawalea wanawe kwa mapenzi makubwa huku akiwafunza, pengine bila kukusudia, kumdharau jirani anayesema lugha nyingine.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba fasihi simulizi ya Waswahili na ya jamii jirani ilikuwa na zana za kumlea mtoto katika pande zote mbili, yaani upande wa utii na upande wa kuhoji. Tatizo ni kwamba malezi ya leo, nyumbani na shuleni, yameushika zaidi upande wa kwanza na kuuacha wa pili udorore. Mifano itatolewa katika methali, vitendawili, ngano na kazi mbili za fasihi andishi, kisha ihusishwe na hali halisi ya Kenya.

Raia na Mwananchi: Maneno Mawili, Malezi Mawili

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuyatazama maneno yenyewe. Neno raia lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo lina uhusiano na dhana ya kuchunga. Raia, kwa maana hiyo ya awali, ni kundi linalochungwa, na mtawala ndiye mchungaji. Sifa ya kundi jema ni kufuata linakoelekezwa. Kondoo haulizi malisho yako wapi wala haulizi maziwa na sufu vinakwenda kwa nani.

Neno mwananchi, kwa upande wake, limeundwa kwa maneno mawili ya Kibantu, mwana na nchi. Mwana hachungwi kama mnyama. Mwana hulelewa, na akishalelewa hurithi. Ana haki ya kuuliza shamba la babaye lilivyotumika, na ana wajibu wa kulilima. Si ajabu basi kwamba katika mazungumzo ya kisiasa nchini Kenya lilizuka neno la kejeli, wenyenchi, kuwarejelea wachache wanaojifanya wamiliki wa kile ambacho wana wote walipaswa kukirithi.

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imeegemea maana hii ya pili. Ibara yake ya kwanza inatamka kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ibara ya 10 inaorodhesha maadili ya kitaifa, yakiwemo uzalendo, utu, usawa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Ni dhahiri kwamba maadili haya hayawezi kutekelezwa na kundi linalochungwa. Uwajibikaji haupo pasipo mtu wa kuuliza, na mtu haanzi kuuliza siku anapopewa kitambulisho akiwa na umri wa miaka 18. Huanza utotoni au haanzi kabisa.

Malezi ya Adabu na Mipaka Yake

Hapana budi kukiri kwamba malezi ya adabu yana thamani kubwa. Neno adabu lenyewe, ambalo nalo limetoka katika Kiarabu, lina ujamaa na neno ambalo katika lugha hiyo humaanisha pia fasihi. Uhusiano huu si wa bahati tu. Katika upwa wa Afrika Mashariki, utungo mzuri ulitarajiwa kumfunza mtu mwenendo mzuri.

Mfano mashuhuri ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu takriban mwaka wa 1858. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na wino na karatasi amwachie wosia. Wosia huo unamwelekeza binti kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi na mume, kuuchunga ulimi, kuwa mkweli na kutomdharau mwenye haja anayebisha mlangoni. Mafunzo kama ukweli, staha na huruma ni msingi wa uraia wa aina yoyote. Mtu asiyeweza kuuzuia ulimi wake nyumbani hawezi kuuzuia jukwaani.

Hata hivyo, wosia huo huo unaonyesha mipaka ya malezi ya adabu peke yake. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Alisema hivyo kwa kuwa jamii yake ilikuwa na waungwana na watumwa, na adabu ilikuwa njia mojawapo ya kumfunza mtoto nafasi yake katika ngazi hiyo. Msomaji wa leo hana sababu ya kumlaumu mama aliyekuwa akiitayarisha roho yake na maisha ya mwanawe kwa pamoja. Anachopaswa kutambua ni kwamba adabu humfunza mtoto kuishi vyema katika jamii jinsi ilivyo. Haimfunzi, kwa nguvu zake yenyewe, kuuliza kama jamii hiyo inatenda haki.

Methali Kinzani

Methali nazo zina pande mbili. Ule upande unaosisitiza utii unajulikana na kila mwanafunzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Penye wazee haliharibiki neno. Mwenye nguvu mpishe. Mkono usioweza kuukata ubusu. Methali mbili za mwisho zinastahili kuangaliwa kwa makini. Hazimfunzi mtoto kumheshimu mwenye nguvu kwa sababu ana haki, bali kwa sababu ana nguvu. Mtoto anayezikariri bila kuzijadili anajifunza kwamba hongo hutolewa, foleni huvukwa na dhuluma humezwa kimya.

Wahenga, hata hivyo, hawakuiachia hapo. Walisema pia kwamba kuuliza si ujinga. Walisema kwamba mkubwa ni jalala, yaani aliye na cheo hana budi kuvumilia kutupiwa lawama na malalamiko ya walio chini yake. Walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na kwa kusema hivyo wakampa kila mkazi wa mtaa haki na wajibu kwa kila mtoto. Methali zinapopingana si dosari ya hekima ya jamii. Kila methali ni hoja ya upande mmoja, na mtoto aliyelelewa katika mazingira ya usemi huu alitarajiwa kujua ni wakati gani hoja ipi inafaa.

Kwa bahati mbaya, ufundishaji wa methali katika shule nyingi umekuwa wa kukamilisha. Mwalimu hutaja nusu ya kwanza, darasa huimba nusu ya pili. Zoezi hili humpa mwanafunzi alama katika mtihani, lakini linaondoa lile lililokuwa kiini cha methali, yaani uamuzi. Mtoto angefaidika zaidi kama angepewa kisa, kisha methali mbili zinazopingana, aambiwe achague na aitetee hoja yake mbele ya wenzake.

Uwanja wa Vitendawili

Iwapo kuna utanzu uliomlea mtoto kama mwananchi, basi utanzu huo ni kitendawili. Utaratibu wake unajulikana. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Naye hutega: Nyumba yangu haina mlango. Wenzake hujaribu. Atakayesema yai amelitegua. Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Hutajiwa mji, naye anaweza kuukataa akadai mwingine ulio bora. Akishaukubali, hueleza alivyofika katika mji huo, alivyopokewa, alivyokula na kunywa, ndipo atoe jibu.

Mchezo huu mdogo una mambo matatu yanayohusu uraia. Kwanza, katika uwanja wa vitendawili umri hausaidii. Mtoto wa miaka saba anaweza kumshinda nyanya yake, na nyanya hana budi kusalimu amri na kutoa mji. Mamlaka hapa ni ya anayejua. Pili, jibu hutolewa hadharani na husikiwa na wote. Mtegaji hawezi kubadilisha jibu lake kwa hila, kwa sababu hadhira itapima kama jibu linaafikiana na fumbo. Huu ndio uwajibikaji katika umbo lake la kwanza kabisa. Tatu, mtoto hupewa mji. Huambiwa, kwa mzaha lakini mbele ya mashahidi, kwamba mji mzima umekuwa wake, naye hutakiwa kusimulia angeufanyia nini. Wengi husimulia karamu. Mzazi au mwalimu mwerevu angeweza kuongeza swali moja tu: na wakazi wa mji huo, umewaachia nini?

Swali hilo si dogo. Nchini Kenya, tangu serikali za kaunti 47 zianze kazi mwaka wa 2013, miji na vijiji vimekabidhiwa kwa viongozi wanaochaguliwa na majirani zao. Ipo tofauti kubwa kati ya kiongozi anayeuona mji kama zawadi aliyoshinda na anayeuona kama dhamana aliyowekewa. Tofauti hiyo haifunzwi katika warsha za magavana. Hufunzwa pale ambapo mtoto hupokea kitu cha wote kwa mara ya kwanza na kuulizwa amekifanyia nini.

Kisima cha Wanyama

Ngano nazo zina mafunzo, ingawa zahitaji uangalifu. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki shujaa ni sungura, na silaha yake ni ujanja. Anapomshinda simba, hadhira hufurahi kwa sababu mnyonge ameponea. Lakini sungura hatumii ujanja dhidi ya wenye nguvu pekee. Huwapunja pia marafiki na washirika wake, na hadhira hucheka vilevile. Mtoto akicheka bila kuulizwa anachekea nini, anaweza kuhitimisha kwamba mjanja ndiye mwenye akili na mwaminifu ndiye mjinga. Hitimisho hilo limeigharimu Kenya pakubwa.

Ngano ya kisima inalijibu suala hili kutoka ndani ya utanzu wenyewe. Masimulizi yake hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, lakini mkondo mkuu ni mmoja. Ukame ulizuka. Wanyama wakakutana, wakakubaliana kuchimba kisima. Kila mmoja alichimba kwa uwezo wake isipokuwa sungura, aliyedai kwamba yeye hana haja ya maji yao. Maji yalipotoka, wanyama waliamua kwamba asiyechimba asinywe, wakaweka zamu ya ulinzi. Sungura akaja na asali. Akamlaghai mlinzi mmoja baada ya mwingine, akanywa na hata kuyachafua maji. Hatimaye kobe alijitolea kulinda. Alijipaka ulimbo mgongoni, akajilaza kisimani kama jiwe. Sungura alipokanyaga, akanasa.

Katika kisa hiki mna ushuru, mali ya umma, sheria, hongo na ulinzi wa rasilimali. Kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba kisima hakikuhujumiwa na sungura peke yake. Kilihujumiwa pia na mlinzi aliyeramba asali. Walinzi waliotangulia walikuwa wakubwa wenye nguvu, na wote walishindwa. Aliyefaulu ni mnyama mwenye mwendo wa pole ambaye hakuna aliyemtarajia, na alifaulu kwa kuwa alikuja kulinda maji wala hakuja kutafuta asali. Mtoto anayesimuliwa ngano hii anaweza kuulizwa maswali ambayo mtu mzima hana majibu rahisi kwayo. Je, sungura aachwe afe kwa kiu? Mlinzi aliyehongwa aadhibiwe kiasi gani ikilinganishwa na aliyemhonga? Asiyeweza kuchimba kwa ugonjwa anywe au asinywe? Maswali haya ndiyo yanayojadiliwa bungeni kila mwaka wakati wa makadirio ya fedha. Tofauti ni kwamba katika ngano mtoto huyaelewa.

Nyumba, Lugha na Jirani

Kuna funzo jingine ambalo mtoto hulipata nyumbani bila kufunzwa rasmi, nalo ni jinsi ya kumtazama asiye wa kabila lake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilisababisha vifo vya watu 1,133, kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na kuwahamisha mamia ya maelfu. Waliochoma nyumba za majirani hawakujifunza chuki katika juma moja la kuhesabu kura. Wengi walikuwa wamesikia tangu utotoni misemo, vichekesho na majina ya kubeza yanayolifanya kabila fulani kuwa la wezi, jingine la wavivu, jingine la wachawi.

Kiswahili chenyewe hakina kinga kamili. Methali isemayo mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe humfunza mtoto kwamba wa damu yake ndiye pekee wa kutegemewa. Lakini lugha hii hii husema pia kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Familia za maeneo ya mchanganyiko zilizohifadhiwa na majirani wa kabila jingine mwaka wa 2008 zinajua ni ipi kati ya methali hizi mbili iliyowaokoa. Ni wajibu wa mzazi kuchagua ni ipi ataitamka mbele ya mwanawe mezani.

Aidha, Kiswahili kina nafasi ya pekee katika suala hili. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa watoto wengi wa mijini ndiyo lugha ya kwanza ya kucheza na mtoto asiye wa kabila lao. Mtoto anayeteguliana vitendawili na jirani huyo amekwisha kumkubali kama mtu mwenye akili sawa na yake.

Shule na Sauti ya Mtoto

Shule ni kisima cha pili. Hapa ndipo gharama ya malezi ya utii mtupu ilipodhihirika kwa uchungu. Mnamo Machi 2001 wanafunzi 67 waliangamia katika moto uliowashwa bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya uchomaji. Kila wimbi la aina hii linapotokea, sauti hupazwa zikitaka kiboko kirudishwe, ambacho kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001.

Madai hayo yanasahau kwamba migomo na mioto ilikuwepo hata viboko vilipokuwa halali. Hakuna sababu moja inayoeleza visa vyote, na uhalifu unabaki uhalifu. Lakini mtu aliyezoeshwa kunyamaza hapati ujuzi wa kusema. Hajui jinsi ya kuandika malalamiko, kuchagua msemaji, kusikiliza upande wa pili na kukubali nusu ya alichotaka. Siku akichoka kunyamaza, hana kitu kati ya kimya na kiberiti.

Kwa sababu hii, mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura badala ya viranja wa kuteuliwa ni hatua ya maana, mradi mwalimu mkuu asiyageuze kuwa masikio yake tu. Vilevile, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, umeutaja uraia kuwa mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi, pamoja na fikra tunduizi. Kuviweka viwili hivi katika orodha moja ni kukiri kwamba raia mwema hufikiri. Linalosalia ni walimu wa Kiswahili kutambua kwamba nyenzo za kazi hiyo wanazo tayari katika somo lao.

Adabu ya Kuhoji

Huenda mtu akauliza: je, mtoto anayefunzwa kuhoji hatakuwa mtovu wa adabu? Swali hili lilisikika sana nchini mnamo Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi mswada huo. Wazee wengine waliwaona vijana hao kuwa kizazi kisicholelewa. Wengine waliona kwamba ndio waliolelewa wakaisoma Katiba, hasa Ibara ya 37 inayompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha.

Fasihi ya Kiswahili ililitafakari suala hili mapema. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka wa 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakuu wake hawataki ijulikane. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama hatukani wala hapigi magoti. Anajitetea barazani siku baada ya siku, kwa lugha ya heshima, akisimulia visa vya wajumbe waliotumwa kuitafutia Kusadikika mema na kuishia kuadhibiwa waliporudi. Adabu yake haimzuii kusema. Ndiyo inayoufanya usemi wake usikike. Karama ni jibu kwa wale wanaoweka adabu upande mmoja na ujasiri upande mwingine.

Hitimisho

Imebainika kwamba malezi ya mwananchi mwema hayahitaji kuitupa adabu ya wahenga wala kuiazima hekima yote kutoka nje. Yanahitaji kuurudisha ule upande wa urithi uliosahauliwa. Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mzazi amsimulie mwanawe ngano na amwache aulize, hata swali likimkera. Pili, mwalimu afundishe methali kama hoja zinazopingana badala ya sentensi za kukamilisha. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wanaokusanya fasihi simulizi nyanjani warekodi pia jinsi watoto wanavyoshiriki: nani alitega, nani alitegua, nani aliruhusiwa kumpinga mkubwa. Maelezo hayo yakipotea, kitakachosalia ni orodha ya vitendawili na majibu yake.

Ukubwa hauji na umri peke yake. Mtoto anayepewa mji leo, hata kama ni wa mzaha, na kutakiwa aeleze mbele ya wenzake ameufanyia nini, ataelewa kesho kwa nini anayekabidhiwa mji wa kweli hana budi kujibu swali hilo hilo.